Nswi, Samaki na Mvuvi: Ushahidi wa Msamiati katika Historia ya Mwambao

Kwamba neno samaki lilitoka Kiarabu hakuna abishaye. Lakini kutokana na ukweli huo mdogo pamekwisha kujengwa hoja kubwa. Katika enzi ya ukoloni, waandishi waliouona utamaduni wa mwambao kuwa kazi ya wageni waliona wepesi kudhani kuwa Waswahili walifundishwa bahari na mambo yake na watu wa ng'ambo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo moja haliwezi kubeba mzigo huo.

Na tuanze na mtendaji mwenyewe, mvuvi. Kiganda, lugha ya watu wa ziwani walio mbali na pwani, husema -vuba kwa kuvua, na omuvubi kwa mvuvi. Katika Kiswahili ile b ya kale ilidhoofika ikatoweka baina ya irabu, tukabaki na -vua. Lakini mbele ya kiambishi -i iligeuka v, ndiyo sababu twasema mvuvi wala si mvui. Ni kanuni ile ile itupayo mgavi kutokana na -gawa. Vivyo hivyo ndoana: Kiganda kingali na -loba, kuvua kwa ndoana, ilhali kitenzi hicho hakimo tena katika Kiswahili sanifu, ila kimeacha alama yake ndani ya jina la chombo. Maneno yaliyopitia mabadiliko ya sauti ya namna hii ni urithi, hayakushushwa jahazini. Hata pwani ni mahali maji yanapopwa, ingawa bahari yenyewe tumeiita kwa neno la Kiarabu.

Ushahidi wa maandishi haupingi jambo hili. Mwandishi wa Kiyunani wa karne ya 1, katika kitabu kijulikanacho kama Periplus, aeleza kuwa kisiwani Menouthias palikuwa na vyombo vya kushonwa na mitumbwi ya gogo moja, na kwamba wenyeji walitega kasa kwa vikapu walivyovifunga kwenye milango ya maji. Kasa si samaki, na sithubutu kusema kuwa vikapu hivyo ndivyo dema tuzijuazo leo. Hata hivyo, mtu aliyepata kuona dema likitegwa mwambani hawezi kuisoma habari hiyo bila kutabasamu.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Neno halina tarehe. Jeffrey Fleisher na wenzake walitoa hoja mwaka 2015 kwamba wakazi wa mwambao hawakuwa mabaharia kamili tangu mwanzo. Kwa sehemu kubwa hali hiyo ilikua baada ya mwaka 1000, na kabla ya hapo uvuvi ulikuwa zaidi wa maji ya karibu. Mimi sioni mgongano. Mvuvi wa kwanza aliyeitwa kwa jina hilo huenda alivua mtoni au ziwani. Alipofika baharini alikuja na kazi yake na jina lake, akajifunza kilichobaki hapo hapo.

Tukiingia jikoni twaona mpaka ulio wazi zaidi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kuwa chakula kikuu cha watu wake kilikuwa ndizi na samaki. Hakuweza kukuta pilipili kali tuitumiayo leo, kwani mmea huo ni wa Amerika na ulivuka bahari baada ya 1492. Sasa tumtazame mpishi wa samaki wa kupaka: huchoma samaki, hupika tui zito kwa ukwaju, kitunguu saumu, bizari na pilipili, kisha humpaka akiwa juu ya makaa. Kuchoma, kupika, kupaka: vitenzi vyote ni vya Kibantu. Saumu, bizari na pilipili ni maneno ya kuja. Viungo vilipokewa katika upishi uliokuwapo.

Lakini kwa nini basi samaki? Neno la kale lipo: nswi, lililohifadhiwa na lahaja za kaskazini. Kinyarwanda husema ifi, na Kingazija fi. Al-Idrisi, mwaka 1154, aliwataja watu wa Malindi kuwa walivua samaki, wakawatayarisha wasioze na kuwauza. Nakisia kuwa ni katika biashara ya namna hiyo, mbele ya mnunuzi wa kigeni, ndipo jina la jumla lilipobadilika, huku changu, tasi, pono na chewa wakiendelea kuitwa majina yao. Wako wataoelekeza kidole kwa dini na elimu ya chuoni. Lakini Wangazija nao ni Waislamu wa karne nyingi, na Kiarabu kimeingia katika lugha yao kama kilivyoingia katika yetu. Nao wangali wanakula fi.