Wanaozaliwa na Wanaobaki

Huku kwetu Baray, kila maji ya mifereji yanapopungua, hakosekani mzee wa kusema kwamba watu wa siku hizi wanazaa mno. Nimeyasikia maneno hayo kwa miaka mingi, nao wasikilizaji aghalabu huyaitikia. Mimi siafikiani nayo, na naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Mama yangu alizaa watoto kumi. Tuliofika umri wa kuoa na kuolewa tulikuwa sita. Wanne walizikwa wakiwa wadogo. Mke wangu amezaa watano, na wote watano wako hai. Kwa hiyo amezaa nusu tu ya alivyozaa mama, lakini aliowakuza wamepungua kwa mmoja tu. Sasa nani aliyezaa mno?

Mambo ya nyumba yetu ni mambo ya taifa zima. Uchunguzi wa afya wa mwaka 1991/92 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania alizaa wastani wa watoto 6.2, na katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha uzazi umeshuka hadi 4.8, na vifo hivyo vimeshuka hadi 43. Uzazi umepungua kwa chini ya robo. Vifo vimepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Ndiyo sababu nchi iliyokuwa na watu milioni 12.3 katika sensa ya 1967 ilihesabu milioni 61.7 katika sensa ya 2022.

Majirani zetu Wahadzabe wanatufundisha jambo hilohilo. Mtaalamu Nicholas Blurton Jones, aliyewachunguza kwa miaka mingi, alikuta mwanamke wa Kihadzabe akizaa wastani wa watoto sita hivi, lakini karibu nusu ya watoto walikufa kabla ya miaka 15. Sita ni ileile ya Watanzania wa 1991. Tofauti ilikuwa makaburini. Watu wameishi kando ya ziwa hili la Eyasi tangu zama za kale mno. Katika pango la Mumba, alikochimba Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen miaka ya 1930, yamo mabaki ya makazi ya zaidi ya miaka 100,000. Muda wote huo bonde halikujaa.

Wazee wetu hawakuzaa kwa ujinga. Miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe, na nyuma yake ikafuata njaa na ndui. Bibi yangu hakumhesabu mjukuu mpaka apite surua. Aliyezaa kumi alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya watakaobaki. Ndipo zikaja chanjo, zikaja zahanati, ikafunguliwa hospitali ya Haydom mwaka 1955. Na ndui yenyewe ikakomeshwa duniani, mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizi ya kawaida akipatikana Somalia mwaka 1977. Huko Ulaya vifo vilipungua polepole, na uzazi ukapata nafasi ya kuvifuata katika muda wa vizazi vingi. Kwetu sisi vimepungua katika maisha ya mtu mmoja. Dunia nayo, iliyokuwa na watu bilioni tatu mwaka 1960, ilifikisha bilioni nane mwaka 2022, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo imetoka katika nchi zilizopita njia kama yetu.

Lakini kwa Baray liko jambo la pili, nalo halisemwi sana: wengi wetu hatukuzaliwa hapa, tulikuja. Sisi Wairaqw tulikuwa tumebanana katika milima ya Irqwar Da'aw. Wamasai walipodhoofishwa na sotoka, na baadaye vichaka vilipofyekwa wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o, tukaenea hadi Karatu. Kutoka huko tukateremka bondeni kufuata chemchemi za Qangded. Kisha kitunguu kikawa mali, magunia ya lumbesa yakaanza kwenda hata Kenya, na kila kabila likaleta vijana wake. Chemchemi hazikuongezeka.

Waliolipa gharama hiyo ni Wahadzabe na Wadatoga, waliotangulia hapa kabla yetu. Palipokuwa na mizizi ya kuchimba na wanyama wa kuwinda, leo ni matuta ya vitunguu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi yao mwaka 2011. Huku upande wetu jembe lilikuwa limetangulia. Anayesema watu wanazaa mno humlaumu mama aliyelala na mtoto wake, wala hamgusi aliyekuja na jembe. Nami ni mtoto wa aliyekuja na jembe.

Uzazi utazidi kupungua, hasa wasichana wanapokaa shuleni, ijapokuwa idadi ya watu itaendelea kupanda kwa miaka mingi kwa sababu vijana ni wengi. Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa sekondari, alimwambia mama yangu kwamba yeye watoto watatu watamtosha.

"Na wakifa je?" mama akamwuliza.

Yule binti alinitazama mimi, kama anayetaka atafsiriwe.