Karo ya dola 15 iliyozaa hazina ya elimu Mitahato

KATIKA miaka ya sabini, mwalimu mmoja wa chekechea katika mji wa Västerås, Uswidi, alijiunga na mpango wa kuwafadhili watoto wa shule katika nchi maskini. Kila muhula alitoa kiasi cha dola 15 za Marekani, nazo zikawa zinamlipia karo mvulana wa kijijini nchini Kenya.

Mwalimu huyo, Bi Hilde Back, hakumjua mvulana huyo ila kwa jina na kwa barua walizoandikiana. Mvulana naye, Chris Mburu wa kijiji cha Mitahato, Kiambu, alikulia katika familia iliyotegemea vibarua vya kuchuma kahawa, akawa anadurusu usiku kwa mwanga wa koroboi. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora katika eneo lake, lakini ubora huo pekee haungemfikisha shule ya upili.

Karo ilipolipwa, mambo yalifuatana upesi. Mburu alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akaenda Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani kwa shahada ya pili, kisha akaajiriwa na Umoja wa Mataifa kama wakili wa haki za binadamu. Kazi yake ilimpeleka katika nchi zilizokumbwa na vita na mauaji ya halaiki.

Mwaka wa 2001, yeye na jamaa zake walianzisha shirika dogo la kuwalipia karo watoto werevu kutoka familia maskini, ili wafanyiwe kile alichofanyiwa yeye. Mburu alitaka lipewe jina la mfadhili wake, ingawa hakujua alikuwa wapi wala kama angali hai. Aliomba ubalozi wa Uswidi nchini Kenya umsaidie kumtafuta, naye Bi Back akapatikana. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Hazina ya Elimu ya Hilde Back.

Hakuwa tajiri

Mburu alikuwa amemwaza mfadhili wake kuwa mtu mwenye mali nyingi. Aliyempata ni mwalimu mstaafu aliyeishi peke yake katika nyumba ya kawaida, ambaye hakuwahi kuolewa wala kupata mtoto, na ambaye fedha alizokuwa akituma zilitoka katika mshahara wa kufunza watoto wadogo.

Aidha, Bi Back mwenyewe alikuwa amenyimwa elimu akiwa kijana. Alizaliwa mwaka wa 1922 nchini Ujerumani katika familia ya Kiyahudi. Baada ya Wanazi kutwaa mamlaka mwaka wa 1933, Wayahudi walibanwa hatua kwa hatua, na kufikia mwishoni mwa mwaka wa 1938 watoto wao walikuwa wamefukuzwa kabisa katika shule za umma. Hilde alifaulu kukimbilia Uswidi akiwa angali katika ujana. Wazazi wake hawakupata nafasi hiyo, nao waliangamia mikononi mwa Wanazi.

Kwa miaka mingi Mburu hakuwa na habari ya haya. Hapo awali alifahamu tu kwamba mfadhili wake ni Mswidi. Kwa wakili anayeshughulikia mauaji ya halaiki kugundua kwamba karo yake ililipwa na mtu aliyenusurika katika mauaji makubwa zaidi ya karne ya ishirini, jambo hilo halikuwa dogo.

Bi Back alialikwa Kenya, akapokewa Mitahato kwa nyimbo na vigelegele, na wazee wakamtunuku heshima ya kuwa mmoja wao. Kwake yeye, fedha alizokuwa akitoa zilikuwa kidogo mno kustahili shamrashamra zile.

Kizingiti cha alama

Kuanzisha hazina ni jambo moja, kuamua nani atafaidika ni jingine, na hapa ndipo kazi ya shirika dogo inapokuwa nzito. Shirika kubwa likikosea katika kuchagua watoto elfu moja, kosa hilo hupotea ndani ya takwimu. Shirika lenye nafasi chache kijijini huwajua kwa majina watoto wote liliowaacha, na wajumbe wa kamati hukutana na wazazi wao sokoni na kanisani.

Kwa miaka mingi kipimo kilichotumika nchini kilikuwa Mtihani wa Kitaifa wa Darasa la Nane, KCPE, ulioanza mwaka wa 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4. Kuanzia mwaka wa 2001 ulikuwa na jumla ya alama 500. Mfuko wa kufadhili masomo ungeweka kiwango, tuseme alama 350 au zaidi, na aliyekifikia huku akithibitishwa kuwa maskini alipewa nafasi. Kipimo hicho kilikuwa na faida moja kubwa: hakuna chifu, diwani wala mjumbe wa kamati ambaye angeweza kumwongezea mtoto alama. Katika nchi ambako malalamiko kuhusu mapendeleo katika ugavi wa basari husikika kila mwaka, faida hiyo haikuwa ya kudharauliwa.

Hata hivyo, alama hupima mengi kwa pamoja. Mtoto wa shule ya umma ya kijijini yenye walimu wachache, anayechuma kahawa Jumamosi na kuchota maji kila jioni, hufanya karatasi ile ile inayofanywa na mtoto wa shule ya kibinafsi mjini mwenye mwalimu wa ziada nyumbani. Wa kwanza akipata alama 340 na wa pili 400, ni vigumu kusema nani kati yao ana akili zaidi. Na kati ya watoto wawili wa kijiji kimoja, mmoja akiwa na alama 351 na mwenzake 349, tofauti huenda ikawa ni swali moja lililobahatishwa.

Tatizo hili lilionekana waziwazi katika filamu ya hali halisi iitwayo A Small Act, iliyotengenezwa na Mmarekani Jennifer Arnold na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mnamo Januari 2010. Filamu hiyo inasimulia kisa cha Mburu na Bi Back, lakini pia inawafuata wanafunzi watatu wa shule ya msingi ya kijijini wakijiandaa kwa KCPE ya mwaka wa 2007, kila mmoja akijua kwamba hazina hiyo ndiyo tumaini lake la kuendelea na masomo.

Matokeo ya mwaka huo yalitoka wakati nchi ikiingia katika uchaguzi mkuu wa Desemba 27, 2007 na ghasia zilizofuata, ambazo kulingana na ripoti ya Tume ya Waki zilisababisha vifo vya watu 1,133. Filamu inaonyesha watoto wakisubiri alama zao na kamati ya hazina ikijadiliana kuhusu kiwango kilichowekwa na jinsi watoto walivyokikaribia. Ni sehemu ngumu kutazama kuliko zote, kwa maana mtazamaji tayari ameingia katika nyumba za watoto hao na kuwasikia mama zao wakizungumza.

Filamu hiyo iliwafanya watazamaji wa nchi za nje kuchangia hazina, na ikawezekana kuwasaidia watoto zaidi. Tangu ianzishwe, imewalipia karo mamia ya wanafunzi.

Elimu bila malipo, lakini godoro je?

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini karo ingali kikwazo ilhali serikali ilitangaza elimu ya bure. Ukweli ni kwamba tangazo la Januari 2003, chini ya utawala wa Rais Mwai Kibaki, lilihusu shule za msingi. Mamia ya maelfu ya watoto waliokuwa nyumbani walimiminika madarasani. Mwaka wa 2008 serikali ilianza kugharamia masomo ya shule za upili, na kufikia mwaka wa 2018 ruzuku hiyo ilikuwa imefika Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka.

Fedha hizo hulipia masomo. Hazilipii malazi na chakula katika shule ya bweni, na ni katika shule za bweni ambako watoto waliofanya vyema zaidi walikuwa wakiitwa. Katika viwango vilivyotumika baada ya ruzuku hiyo kuongezwa, mzazi wa mwanafunzi wa shule ya kitaifa ya bweni alitarajiwa kulipa Sh53,554 kwa mwaka. Kwa anayeishi kwa kibarua cha shambani, kiasi hicho ni mapato ya miezi mingi hata asingekula wala kununua mafuta ya taa. Hivyo kadiri mtoto wa maskini alivyopata alama za juu, ndivyo barua yake ya kuitwa shuleni ilivyokuwa ghali.

Kabla hata ya karo, kuna orodha ya vifaa. Sanduku la bati, godoro, blanketi, shuka, ndoo, sare mbili, viatu vyeusi, kamusi, Biblia au Kurani, na mara nyingine fyekeo au jembe. Si mara moja mtoto amelipiwa karo na mhisani kisha akachelewa kuripoti shuleni kwa kukosa godoro. Mifuko iliyodumu katika kazi hii hujifunza upesi kuongeza fedha za vifaa na nauli katika hesabu zake. Kwa wasichana huongezwa sodo, ingawa sheria ya mwaka wa 2017 iliibebesha serikali jukumu la kuwapa wanafunzi bidhaa hiyo bila malipo.

Familia inayobaki nyumbani

Mtoto anapoondoka kwenda bwenini, nyumbani hubaki pengo. Aliyekuwa akichuma debe moja la kahawa kwa siku, au akimwangalia mdogo wake ili mama aende kibaruani, hayupo tena. Wazazi wengi hulikubali pengo hilo kwa furaha. Wengine, hasa mavuno yanapokuwa mabaya au mzazi mmoja anapougua, hushawishika kumrudisha mtoto nyumbani kwa muhula mmoja, na muhula huo huweza kuwa mwisho wa masomo.

Ndiyo sababu mashirika madogo yenye uzoefu hayaishii kutuma hundi. Karo hulipwa moja kwa moja kwa shule wala si kwa mzazi, ripoti ya mwanafunzi huombwa kila mwisho wa muhula, na mtu wa shirika hufika nyumbani kumwona mzazi ana kwa ana. Mengine huwakutanisha wanafunzi wao wakati wa likizo, wakapewa mawaidha na wale waliowatangulia. Kazi hii haina picha za kupendeza za kuwaonyesha wafadhili, lakini bila hiyo fedha nyingi za karo hupotea.

Jambo jingine ni muda. Mfadhili aliyelipa Kidato cha Kwanza na kuacha hapo huenda amemwongezea mtoto uchungu. Shirika lenye watoto ishirini katika Kidato cha Kwanza mwaka huu linahitaji kuwa na uhakika wa karo ya watoto hao hao kwa miaka mitatu zaidi, hata kama hakuna senti moja mpya itakayoingia. Hili ndilo linaloyafanya mashirika makini yachukue watoto wachache kuliko yanavyoombwa, na ndilo linaloyafanya yalaumiwe kijijini kwa ubahili.

Mizani imebadilika

Bi Back alifariki Januari 2021 akiwa na umri wa miaka 98. Hakufika wakati ambapo mtihani uliokuwa mizani ya hazina inayobeba jina lake ulifutwa.

KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, huku mfumo wa 8-4-4 ukiendelea kutoa nafasi kwa mtaala wa umilisi. Katika mtaala huo mpya, mwanafunzi hupitia sekondari ya chini kwa miaka mitatu kabla ya kuingia sekondari ya juu, na kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Tathmini yake hutazama pia kazi za darasani za miaka kadhaa, na wanafunzi huelekezwa katika mikondo tofauti kulingana na vipaji na uwezo wao.

Kwa mtoto, huenda huu ni mfumo wenye huruma zaidi kuliko ule wa siku tatu za kuamua maisha. Kwa kamati ya kijiji inayogawa nafasi kumi kwa watoto mia moja, una ugumu wake. Kazi za darasani husahihishwa na mwalimu anayemjua mtoto na wazazi wake. Shule isiyo na maabara wala vifaa itamwonyesha mwanafunzi wake kuwa dhaifu katika sayansi, ilhali udhaifu ni wa shule. Na ule msemo uliowanyamazisha walalamishi, kwamba mtihani umesahihishwa Nairobi, umepungua nguvu.

Kinachobaki ni kile ambacho mashirika mengi yalikuwa yakikifanya kama nyongeza: kuitembelea nyumba, kuuliza majirani, kusikiliza walimu zaidi ya mmoja, na kumsikiliza mtoto mwenyewe. Ni njia ya polepole na yenye gharama, na humtwika mchaguzi jukumu ambalo awali angeliachia alama.

Waliofanya KCPE ya mwisho waliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024. Wataufanya mtihani wao wa KCSE mwaka wa 2027, na mfuko wowote uliowachukua kwa alama zile za mwisho bado una deni la karo yao hadi wakati huo.