Jina Lina Mwenyewe, Kazi ni ya Wote

Mtoto wa Morogoro anajua mapema kwamba maji hayaanzii bombani, yanaanzia juu, Uluguru. Mwalimu wetu wa kompyuta alitumia mfano huohuo kutueleza chumba chake: mashine za mtumba, hazina diski hata moja, na bado zinawaka.

Siri ilikuwa flopi moja iliyopitishwa kutoka mashine hadi mashine. Programu ndogo iliyomo inaamka na kuuliza kwenye waya: mimi ni nani, na mfumo wangu uko wapi? Seva iliyo pembeni inaipa anwani, kisha inaitumia mfumo wenyewe. Basi, somo linaanza.

Programu hiyo ni Etherboot, iliyoanza katikati ya miaka ya 1990. Ni programu huria: yeyote anaweza kuisoma, kuibadilisha na kuigawa, na wengine wakapata haki hiyohiyo.

Kwa nchi yetu hilo si jambo dogo. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa Hazina kuleta hasara na fedha za kigeni kuwa adimu. Ukisoma habari hiyo leo unaweza kucheka. Mimi sicheki sana. Ilikuwa hofu ya kununua kitu ambacho ukiharibikiwa, lazima umngoje mwenyewe atoke ng'ambo. Milango ilipofunguliwa, hofu ile haikuwa na jibu mpaka zilipokuja programu ambazo fundi wa hapahapa anaweza kuzifungua mwenyewe.

Kisha ukaja mtihani. Etherboot ilizaa gPXE, na mwaka 2010 Michael Brown na wenzake wakagombana na mmiliki wa anwani za tovuti za mradi. Majina yalikuwa na mwenyewe. Walifanya nini? Waliyaacha majina, wakabeba kazi yao yote, wakaiita iPXE. Leseni iliwaruhusu. Leo iPXE ndiyo inayojulikana, na inawasha seva nyingi duniani.

Ingekuwa programu ya kampuni, ugomvi ule ungeishia kwa mwanasheria, na vyumba kama chetu vingezima bila hata kuambiwa sababu.

Mwalimu wetu hakutueleza leseni. Alitupa ile flopi tu na kusema, "Nakilini, msiogope." Wakati ule nilidhani anatufundisha kunakili.