Kutoka likelemba hadi takaful: kwa nini wachuuzi wadogo wanalipa asiransi ya Kiislamu

GOMA – Tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulishuka hadi katikati ya mji, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kuingia ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatema tena, na siku chache baadaye wakaaji wengi wakahama kuelekea Sake na Rwanda. Januari 2025 vita viliingia mjini: maghala yakaporwa, benki zikafunga milango. Kila mara mchuuzi mdogo alianza upya kwa mkopo wa ndugu.

Asiransi, ile ambayo Kenya na Tanzania wanaiita bima, ilikuwa wapi? Tangu 1966 serikali ilimpa kazi hiyo mmoja tu, SONAS. Sheria ya Machi 2015 ndiyo iliyofungua mlango kwa wengine, na kampuni za kwanza za watu binafsi zilipata ruhusa mwaka 2019. Kwa miaka yote hiyo, kwa wengi, asiransi ilikuwa karatasi ya gari ya kuonyesha polisi barabarani.

Basi watu walijitengenezea yao. Katika likelemba, kila mmoja anatoa feza na zamu inazunguka. Katika muso, kuna sanduku jekundu la msaada: anayefiwa au kuunguliwa nyumba anasaidiwa, na harudishi. Sanduku hilo limeokoa jamaa nyingi. Lakini lina shida moja kubwa: wanachama wote wanakaa avenue moja na kuuza soko moja. Lava ikija, wote wanapoteza siku moja. Hakuna anayebaki wa kumsaidia mwenzake.

Hapo ndipo takaful inapoingia. Kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya kudhaminiana. Wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wakipinga asiransi ya kawaida kwa sababu ya riba, ya kununua kitu kisichojulikana, na ya kufanana na kamari. Mwaka 1979 kampuni ya kwanza ilianzishwa Sudan kwa njia nyingine, na mwaka 1985 baraza la wanazuoni lililokutana Jeddah likakubali asiransi ya kushirikiana.

Njia yake ni hii. Mchango wa mwanachama ni sadaka ya kusaidiana, unaingia katika chungu cha wote. Kampuni haimiliki chungu. Ni wakala, inalipwa ujira uliotajwa tangu mwanzo. Feza haziwekwi kwenye riba wala pombe. Zikibaki mwisho wa mwaka, wanachama wanaweza kugawiwa. Zikipungua, kampuni inakopesha chungu bila faida.

Kenya, kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza mwaka 2011. Machi 2014 ililipa wafugaji 101 wa Wajir baada ya ukame. Picha za setilaiti ndizo zilizoonyesha kwamba majani yamekauka. Mfugaji hakuhitaji kuleta mzoga kama ushahidi.

Dini ni sababu ya kwanza kwa Mwislamu: sheria inadai gari liwe na asiransi, naye hataki riba. Lakini mwenye duka asiye Mwislamu pia anaweza kununua, na anavutwa na jambo lingine. Anatambua likelemba yake, ila chungu ni kipana. Aliye mbali na moto anamchangia aliyeunguliwa, na kesho ni zamu yake. Tena kuna mkataba ulioandikwa. Msaada hautegemei huruma ya rafiki.

Hata hivyo, takaful si dawa ya kila kitu. Mikataba mingi ya asiransi, ya Kiislamu au ya kawaida, hailipi hasara ya vita. Mchuuzi wa Goma, mbele ya kutoa franga yake, aulize: volkano imeandikwa humo? Uporaji je? Ujira wa wakala ni kiasi gani? Feza zinazobaki ni za nani?

Na kwa jamaa zilizohama, sanduku jekundu bado lina kazi. Likiunganishwa na masanduku ya mitaa mingine, hata ya miji mingine, hasara ya wa hapa inabebwa na wa kule. Ndiyo siri ya takaful, na Goma inaijua nusu yake tayari.