Presha na Sukari: Kutu ya Mishipa

Mwaka 1929 daktari Donnison wa Kisii, magharibi mwa Molo yetu, aliandika kwamba kwa miaka 2 hospitali yake ililaza wagonjwa kama 1,800, na presha hakuiona hata kwa mmoja. Mwaka 2015 uchunguzi wa kitaifa ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 Kenya anayo.

Presha ikikutana na kisukari, mishipa ndiyo inaumia. Sukari ikizidi kwenye damu huzalisha chembe kali zinazokula mishipa kama kutu inavyokula bati. Vitamini C na E huzizuia chembe hizo, basi watu wakakimbilia vidonge. Lakini utafiti wa HOPE uliotolewa mwaka 2000, wa watu zaidi ya 9,000 wakiwemo wengi wenye kisukari, ulionyesha vidonge vya vitamini E havikuukinga moyo. Kilichosaidia ni dawa ya presha, ramipril.

Kwa hivyo futari yako iwe na sukuma wiki, karoti na kabeji za hapa kwetu. Dawa usiiache ati kwa sababu umekula mboga, na muone daktari kabla ya kufunga. Mgonjwa ana ruhusa yake: soma Surat al-Baqara, aya ya 184. Mwili ni amana.

Wabillahi tawfiq.