Pete Tano za Babu

Likizo ya Desemba iliyopita nilifuta ushahidi wa kihistoria kwa msasa. Nasema hivi kwa aibu, maana historia ndiyo ninayoisomea: shahada ya uzamili, na tasnifu yangu inahusu uvuvi wa burudani katika pwani ya Kenya.

Ushahidi wenyewe ulikuwa juu ya fimbo ya kuvulia. Miaka ya 1970 Babu alikuwa baharia kwenye boti zilizowapeleka wageni kuvua Malindi. Ami anasimulia kwamba fimbo hiyo ya faibaglasi ilivunjika ncha mgeni mmoja akipambana na sulisuli, akamwachia Babu. Babu akaisawazisha ilipokatika, akaifunga pete upya, akaivulia nguru hadi uzeeni. Mimi niliikuta darini, nyuzi zimeoza na pete zimeshika kutu. Nikanunua pete mpya, nikakata nyuzi za zamani na kuanza kupiga msasa.

Pete ninazozisema ni vile vikuku vidogo vinavyopangwa kwenye fimbo ili mshipi upite ndani yake, kutoka kwenye rili hadi nchani. Kwa karne nyingi wavuvi waliishi bila hizo. Yapata mwaka 200, Aelian, Mrumi aliyeandika kwa Kigiriki, aliwaeleza wavuvi wa Makedonia waliotumia fimbo ya futi 6 na mshipi wa urefu huohuo. Mshipi wa namna hiyo hauna akiba. Samaki mkubwa akikimbia, ama mshipi ukatike, ama fimbo ivunjike, ama mvuvi aiachie.

Uchina waliliona tatizo hilo mapema: mchoro wa Ma Yuan wa mwaka 1195 hivi unamwonyesha mvuvi mwenye rili mashuani. Uingereza, katikati ya karne ya 17, Thomas Barker aliwashauri wavuvi wa samoni waweke pete ndogo ya waya kwenye ncha ya fimbo, mshipi upite humo. Ikawa sasa samaki anaweza kukimbia na mvuvi akabaki na fimbo yake.

Lakini pete moja nchani huacha mshipi ukining'inia, na uzito wote hulemea ncha. Pete nyingine zikaongezwa, na swali likawa: ziwekwe wapi? Mafundi wa fimbo za mianzi iliyopasuliwa walizifunga kwa nyuzi za hariri na kuzipaka vanishi. Nyingine zilitiwa jiwe la akiki ndani ili mshipi usizichimbe. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja faibaglasi, na miaka ya 1980 kampuni ya Fuji ya Japani ikaleta pete zenye silikoni kabaidi, ngumu na laini kwa mshipi. Kila aina ya fimbo ilipinda kwa namna yake, na kila mpindo ulidai mpangilio wake.

Kanuni yenyewe ni rahisi kuieleza. Fimbo hupinda zaidi kuelekea nchani, kwa hiyo pete hukaribiana huko na kuachana kadiri unavyoshuka kwenye mpini. Kwenye fimbo za boti, ambazo rili na pete hukaa upande wa juu, kuna hatari moja zaidi. Kati ya pete na pete mshipi hunyooka, ilhali fimbo imepinda. Pengo likiwa kubwa mno, mshipi hulala juu ya fimbo na kuisugua, na mshipi unaosuguliwa huku samaki anavuta haudumu.

Nilikuwa na jedwali la vipimo nililolipata mtandaoni, nikitaka kulifuata kama lilivyo. Ami akasimama mlangoni.

"Wafuta nini, mwanangu?"

"Uchafu, Ami."

"Huo si uchafu. Tazama vyema."

Nikatazama. Fimbo ilikuwa na alama za aina mbili. Kulikuwa na mikanda ya rangi hafifu, sehemu ambazo nyuzi za kiwandani zilikuwa zimeikinga fimbo na jua. Ilikuwa minne, mmoja nilikuwa nimeshaufuta. Halafu kulikuwa na matuta ya vanishi nene, mahali pengine kabisa, matano. Hayo ya Babu. Nikayapima kutoka nchani: sentimita 12, 27, 46, 70, 98. Kila pengo lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia.

Tukazishikiza pete kwa utepe, kwanza pale zilipokuwa za kiwandani. Ule mkanda nilioufuta niliukisia. Tukafunga ndoo ya mchanga kwenye mshipi, nikainua. Pengo kati ya ncha mpya na pete ya kwanza lilikuwa kubwa mno, na mshipi ukalala juu ya fimbo. Tukazihamishia kwenye vipimo vya Babu. Nikainua tena. Mshipi ukafuata mpindo wote bila kuigusa fimbo.

Babu hakuwa na jedwali. Fimbo ilipopungua urefu, mpangilio wa kiwanda ulikufa, naye akautafuta mwingine.

Katika utafiti wangu nimeshasoma mengi kuhusu wageni waliovua pwani yetu. Kwamba Ernest Hemingway alivua huku mwaka 1934 kila mtu anajua. Picha za zamani zinamtaja aliyeshika fimbo na uzito wa samaki. Baharia aliyetia chambo na kumvuta samaki botini husimama pembeni bila jina. Nilishajiandaa kuandika kwamba mabaharia hawakuacha maandishi, nikaishia hapo. Wakati huohuo nilikuwa na msasa mkononi.

Nimezifunga pete mpya juu ya alama za Babu, na mikanda mitatu iliyobaki nimeipaka vanishi nyepesi ili ionekane. Ule wa nne siwezi kuurudisha, maana sikuupima. Sura ya tatu ya tasnifu sasa ina ukurasa wenye namba hizo tano, na jina kamili la baharia aliyezipata.