Mzungu Aliyeomba Kura za Dar es Salaam

Uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958 ulifungwa na serikali ya kikoloni kwa sharti lililopewa jina la kura tatu, yaani kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo karatasi yake ilibatilika. Na kwa kuwa haki yenyewe ya kupiga kura ilitegemea mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa, wanachama wengi wa chama cha TANU walibaki kuwa watazamaji. Palikuwa na waliotaka chama kiususie uchaguzi huo, lakini katika mkutano wa Tabora, Januari mwaka huo, Mwalimu Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie, ilhali kuingia maana yake ilikuwa kutafuta Wazungu na Waasia wa kuungwa mkono dhidi ya chama cha UTP, kilichopendelewa na Gavana Twining.

Miongoni mwa waliopatikana alikuwamo Lady Marion Chesham, Mmarekani mzaliwa wa Philadelphia, mjane wa bwana wa Kiingereza, aliyesimama Nyanda za Juu Kusini akashinda. Mwingine ni yule ambaye sisi wa pande za Kinondoni tuna sababu zaidi ya kumkumbuka: Derek Bryceson.

Alizaliwa China mwaka 1922, akasoma Cambridge, na katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa rubani wa ndege za kivita hata akadunguliwa, akapata majeraha yaliyomfanya atembee kwa mkongojo maisha yake yote. Vita vilipokwisha alikuja Kenya, kisha Tanganyika, akalima. Serikali ya kikoloni ilikwisha kumwonjesha madaraka ya waziri msaidizi; naye angaliweza kutulia hapo, akangojea kupandishwa cheo pamoja na walowezi wenziwe, kama si kuona mapema upepo unakoelekea. Wako watakaosema kwamba huo ulikuwa ujanja wa mwanasiasa tu. Huenda, ila ujanja wa namna hiyo ulikuwa adimu mno kwa walowezi wa zama zile, nao haukumpatia sifa kwao.

Alishinda Jimbo la Kaskazini kwa msaada wa TANU, akaingia katika baraza la mawaziri, na baada ya Uhuru akashika kwa nyakati mbalimbali wizara za Afya na Kilimo. Hata hivyo kiti chake cha kwanza kilikuwa na dosari isiyofichika, kwani sheria yenyewe ndiyo iliyoamuru Mzungu apatikane. Oktoba 1961, palipozuka Bungeni mjadala mkali wa uraia, na baadhi ya wabunge wakataka uraia uwe wa Waafrika peke yao, Mwalimu alighadhibika hata akatishia kujiuzulu. Hoja ile ilishindwa. Lakini kushindwa kwa hoja Bungeni ni jambo moja, na mtu mweupe kwenda kuomba kura ya hiari kwa wachuuzi na makuli wa mjini ni jambo jingine.

Siku ya mtihani ilifika Septemba 1965, Bryceson alipogombea Dar es Salaam katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja. Mkutano wa wilaya wa TANU uliwapima waombaji kwa kura, Halmashauri Kuu ikateua wawili, nao hawakuruhusiwa kuandaa mikutano yao: walipanda jukwaa moja, chini ya usimamizi wa chama, wakasema kwa zamu. Kutaja kabila, dini au rangi kulikuwa haramu. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba. Basi hebu msomaji afikiri: waziri Mwingereza, mkongojo mkononi, ameketi ubavuni mwa mpinzani wake Mwafrika, na umati umeona kila kitu ambacho wasemaji wamekatazwa kukisema.

Wala uwaziri haukuwa kinga mwaka ule, kwa maana Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mtu mwenye hadhi kubwa Usukumani, aliangushwa huko kwao Mwanza. Bryceson alishinda hapa Dar es Salaam kwa wingi mkubwa wa kura. Mimi nadhani wapiga kura walipima uwaziri wake na ukaribu wake na Mwalimu kuliko ngozi yake. Na hilo kwangu ni sifa kubwa zaidi kuliko kama wangalimpa kura ili kuonyesha ukarimu.

Bryceson aliendelea na Ubunge, akijulikana kuwa Mbunge wa Kinondoni, na mwaka 1972 akakabidhiwa uongozi wa Hifadhi za Taifa. Kazi hiyo ilimkutanisha na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, wakaoana mwaka 1975. Alifariki Ujerumani, alikokwenda kutibiwa saratani, Oktoba 1980, mwezi uleule ambao taifa lilikwenda tena kupiga kura.